Subira kulipishwa dagaa wa Neema

Kuna hitilafu ya programu inayofuata mwezi. Sisemi mwezi wa kalenda, nasema mwezi wa angani. Wiki za giza haionekani. Mbalamwezi ikitoka, nayo inatoka. Fundi wa kwanza aliyeitwa kuiangalia alikuja katikati ya giza, akabonyeza kila kitufe, akaona mambo yote shwari, akapewa nauli yake akaenda zake.

Msomaji wa Kigoma keshanielewa. Kwa mwingine nieleze kidogo. Dagaa wa Ziwa Tanganyika wanavuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za betri na sola. Taa inawashwa juu ya maji, dagaa wanaifuata, wavu unapandishwa. Mwezi ukishakuwa mpevu ziwa zima linang'aa, taa ya mvuvi haina tena mvuto, na wenye mitumbwi wengi wanafunga kamba ufukweni, wanashona nyavu, wanalala na familia zao. Wachache huingia ziwani hivyo hivyo, wengine kwa ubishi tu. Kwa hiyo kila baada ya siku kama 29 na nusu, daftari la mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, linakuwa na mitumbwi yenye kilo na mitumbwi isiyo na kitu. Hapo ndipo programu ilipokuwa inaharibikiwa.

Wahusika ni kikundi cha wenye mitumbwi wa mwalo mmoja wa hapa mjini. Kila mwanachama anachangia shilingi 20 kwa kila kilo aliyoshusha, na mfuko huo unasaidia kwenye msiba au injini ikizimika moja kwa moja. Karani wa mwaloni anaandika kilo, dada katibu anaziingiza kwenye kompyuta, na mwisho wa wiki anabonyeza kitufe kimoja risiti zinatoka. Programu iliandikwa kwa lugha ya Python, juu ya kanzidata (ghala la rekodi) iitwayo SQLite, na kijana mmoja ambaye siku hizi yuko masomoni mbali. Aliiandika bure, kwa hiyo sitaki kumsikia mtu akimbeza. Kazi yake ilikuwa safi kuliko nyingi ninazoletewa hapa dukani.

Mimi nina steshenari Mwanga, hapa Kigoma. Nachapa, natoa kopi, na kwa sababu niliwahi kufundisha kompyuta, wengi wananiita mwalimu. Siku katibu aliponiletea ile laptop aliongozana na mzee mwenye mtumbwi uitwao Subira. Mzee aliweka risiti yake mezani, akaniambia, "Binti, mtumbwi wangu wiki nzima umefungwa mtini. Hizi 6,800 nyie mmevua wapi?"

Katibu alikuwa amenyamaza, na nilijua kwa nini. Maneno yalishaanza mwaloni kwamba anawabana wazee na kuwapunguzia jamaa zake. Niliona bora mzee akae pale pale, aangalie kazi ikifanyika mbele ya macho yake, kuliko nimpelekee majibu baadaye.

Risiti za wiki ile, ukiziweka sambamba na daftari la karani, zilisomeka hivi. Neema alishusha kilo 340, mchango 6,800. Subira hakwenda, mchango 6,800. Tuombe Mungu alishusha kilo 510, mchango 10,200. Ukiziweka zikifuatana, jibu linaanza kujionyesha lenyewe hata kabla ya kufungua programu: Subira ameandikiwa deni la Neema. Risiti yenyewe haikuonyesha kilo, ilikuwa na jina na pesa tu, ndiyo maana hakuna aliyegundua mapema.

Kiini cha msimbo, yaani maagizo ya programu, kilikuwa hiki, nimeufupisha kidogo:

for namba, jina in mitumbwi:
    kilo = uliza_jumla(namba)
    if kilo is not None:
        mchango = kilo * 20
    andika_risiti(jina, mchango)

Usome taratibu. Kwa kila mtumbwi, programu inaiuliza kanzidata jumla ya kilo za wiki. Ikipata namba, inapiga hesabu ya mchango. Isipopata, inaruka hesabu na kwenda moja kwa moja kuandika risiti. Swali ni moja tu: inaandika mchango gani?

Watu wengi wanaoanza kujifunza wanadhani kila lupu (maagizo yanayorudiwa, hapa ile `for`) inapozunguka, vigeu vilivyo ndani yake, yaani majina yanayoshika thamani, vinazaliwa upya. Wanaona ule msimbo umeingia ndani, wanaona nafasi za mwanzo wa mstari, wanadhani huo ni uzio. Kwenye Python siyo uzio. `for` haina mipaka yake ya vigeu, wala `if` haina. Fanksheni inayo, faili zima la programu linayo, darasa linayo, lakini lupu haina. Kigeu `mchango` kilichopewa thamani zamu ya Neema kinabaki hai zamu ya Subira, kina ile ile 6,800, na kwa kuwa hakuna mstari uliokigusa, risiti inachapwa nacho. Ni beseni la kupimia lililomwagwa nusu: anayefuata anahesabiwa na dagaa wa mwenzake.

Nilimwonyesha mzee kwa kuongeza mstari mmoja wa kuchapa `kilo` na `mchango` kwenye skrini kila zamu. Ilipotokea Subira, kilo None, mchango 6,800, alicheka. Katibu hakucheka, alivuta pumzi.

Sasa, ile `if` ilifuata nini pale? Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu wengi wanaifuta au kuiacha bila kujua kwa nini iliwekwa. Swali lililokuwa linapelekwa kwenye kanzidata lilikuwa la kujumlisha kilo kwa `SUM` ambapo mtumbwi ni fulani na tarehe ni za wiki fulani. Swali la namna hiyo, lisipokuwa na `GROUP BY`, agizo la kugawa majibu kwa makundi, halirudi mikono mitupu hata siku moja. Hata pasipokuwa na rekodi yoyote linakuletea rekodi moja, na ndani yake kuna NULL, yaani hakuna thamani. Haileti sifuri. NULL ikifika Python inaitwa None, na None ukiizidisha kwa 20 programu inakufa hapo hapo kwa kosa la aina ya data. Bila shaka kijana aliliona kosa hilo wakati anajaribu, akaweka `if` ili programu isife. Na kweli haikufa tena. Kabla ya hapo ilikuwa inapiga kelele mahali penye tatizo. Baada ya hapo ikanyamaza na kuandika uongo.

Kimya hicho nacho kina masharti. Kama mtumbwi usio na mavuno ndiyo wa kwanza kwenye orodha, hakuna zamu iliyotangulia ya kuazima, na Python inakataa: kigeu `mchango` hakijulikani. Katibu alikumbuka mara moja. Kuna wiki za mbalamwezi kali ambazo mwalo wote haukwenda ziwani, na wiki hizo programu ilikuwa inagoma. Yeye aliona sawa tu, mradi hakuna mavuno hakuna risiti, akafikiri hata kompyuta inapumzika na wavuvi. Kumbe ile ndiyo ilikuwa dalili pekee ya kweli.

Tena ukijaribu msimbo kama huu kwenye dirisha la maagizo, pale unapoandika mstari mmoja mmoja, unaweza kudanganyika zaidi. Ukiendesha lupu mara ya kwanza kwa wiki nzuri, `mchango` unabaki kwenye kumbukumbu. Ukiiendesha tena kwa wiki tupu haitagoma kabisa, itatumia thamani ya mwisho ya mara iliyopita. Nimeona wanafunzi wakibishana, mmoja anasema inagoma, mwingine inakubali, na wote wana msimbo ule ule.

Jambo jingine lililoficha hitilafu ni mpangilio. Orodha ilipangwa kwa alfabeti ya majina ya mitumbwi, hivyo Subira daima alifuata baada ya Neema. Kama angeandikishwa mwanachama mpya mwenye mtumbwi uitwao, tuseme, Riziki, angeingia katikati yao, na kuanzia hapo Subira angekuwa anaazima deni la Riziki. Mzee alikuwa na risiti za zamani mfukoni, tukazilinganisha na za Neema, ikawa hivyo hivyo. Na kama swali lisingekuwa na `ORDER BY`, agizo la kupanga mfuatano, ingekuwa balaa, maana kanzidata haikuahidi mpangilio wowote usipoomba. Mwathirika angeweza kubadilika bila sababu inayoonekana.

Marekebisho yenyewe ni mstari mmoja. Andika `mchango = 0` ndani ya lupu, juu kabisa, kabla ya swali lolote la `if`. Ndani, siyo nje. Ukiiweka nje ya lupu, juu ya `for`, umemsaidia mtumbwi wa kwanza peke yake. Kuanzia wa pili mambo yanarudi yale yale, ila sasa hata ile dalili ya kugoma umeiua. Hili ndilo kosa la pili ninaloliona kwa wanaojirekebisha wenyewe, na ni baya kuliko la kwanza.

Kinyume chake pia kipo. Ile programu ilikuwa na kigeu cha jumla ya wiki nzima kwa ajili ya ripoti ya mweka hazina, na hicho kilikuwa nje ya lupu kwa usahihi, kwa sababu kazi yake ni kukusanya kutoka rekodi zote. Ukikiingiza ndani na kukipa sifuri kila zamu, ripoti inatoka na mchango wa mtumbwi wa mwisho tu. Kwa hiyo kabla sijaandika lupu ya kanzidata najiuliza kila kigeu ni cha nani: cha rekodi hii, au cha safari nzima? Cha rekodi kinazaliwa ndani, bila masharti. Cha safari kinazaliwa nje, mara moja.

Upande wa ujumbe wa simu, wa kuwapelekea wavuvi madeni yao, ulikuwa na ugonjwa wa jamii hiyo hiyo, ingawa hakuna aliyekuwa ameulalamikia kwa sababu haukuwahi kuanza kutumika. Kulikuwa na kifurushi kimoja cha taarifa, kimeundwa nje ya lupu, chenye nafasi ya jina na nafasi ya kiasi. Kila zamu kilijazwa upya kisha kikaongezwa kwenye orodha ya kutumwa. Ukiichapa orodha mwishoni, mistari yote inasema Tuombe Mungu, 10,200. Orodha haikuhifadhi nakala za kifurushi. Ilihifadhi mara nyingi anwani ya kifurushi kimoja, na kifurushi hicho kilibaki na jina la mwisho kuandikwa. Fikiria wavuvi wote wa mwalo wanapokea deni la mtu mmoja usiku mmoja. Dawa ni kuunda kifurushi kipya ndani ya lupu kila zamu.

Usidhani ni Python peke yake. Lugha ya PHP, ambayo nimeitumia miaka mingi kwa tovuti ndogo ndogo, nayo haina uzio kwenye lupu. Tena ina mtego wake: ukipita kwenye orodha kwa `foreach` ukiweka alama ya `&` ili ubadilishe vitu vyenyewe, lupu ikiisha kile kigeu bado kimefungwa kwenye kitu cha mwisho. Ukipita tena na jina lile lile bila `&`, kitu cha mwisho kinaandikwa juu yake zamu kwa zamu, na mwishoni vitu viwili vya mwisho vinafanana. Unakivunja kwa `unset` mara tu lupu ya kwanza inapokwisha. JavaScript ya zamani, ya `var`, ilikuwa hivyo hivyo: hata ukiandika `var mchango;` ndani ya lupu, thamani ya zamu iliyopita haifutiki. Ilipokuja `let` mwaka 2015, kigeu kikawa cha zamu yake, na `let mchango;` ndani ya lupu inaanza tupu kila mara. Risiti ya Subira ingetoka imeandikwa undefined, yaani haijapewa thamani, jambo la aibu lakini la ukweli. Java ingekuwa kali kuliko wote: ukikitangaza kigeu ndani ya lupu na kukipa thamani chini ya `if` pekee, inakataa hata kuandaa programu.

Na wakubwa wanaanguka pia. Lugha ya Go ilikuwa na tabia ya kutumia kigeu kimoja cha lupu kwa zamu zote. Mwaka 2020 Let's Encrypt, wanaotoa bure vyeti vya usalama vya tovuti, waligundua kwamba ombi lenye majina kadhaa ya tovuti lilikuwa linaweza kukaguliwa jina moja tu, mara nyingi, badala ya kila jina mara moja. Vyeti vilivyoguswa vilizidi milioni 3. Mzizi wake ulikuwa huo huo, kigeu cha lupu kilichoshikwa na zamu zote. Go wenyewe walibadilisha lugha, na tangu toleo la 1.22 la Februari 2024 kila zamu inapata kigeu chake. Nilimsimulia katibu hadithi hii makusudi, aende nayo mwaloni.

Nilivyomaliza kuweka ule mstari mmoja sikuridhika. Programu ilikuwa inauliza kanzidata swali moja kwa kila mtumbwi, na kazi yote ya kujua nani hana kitu ilikuwa kwenye lupu. Kujumlisha ni kazi ya kanzidata. Nikaandika swali moja linalorudisha mitumbwi yote pamoja na jumla zao:

SELECT mitumbwi.jina, TOTAL(mavuno.kilo)
FROM mitumbwi
LEFT JOIN mavuno
  ON mavuno.mtumbwi = mitumbwi.namba
 AND mavuno.tarehe BETWEEN :mwanzo AND :mwisho
GROUP BY mitumbwi.namba
ORDER BY mitumbwi.jina

`LEFT JOIN` inahakikisha kila mtumbwi unatokea hata kama haukushusha kitu. Angalia masharti ya tarehe yalipokaa: yako pamoja na `ON`. Ukiyahamishia kwenye `WHERE`, sehemu ya kuchuja rekodi, ambako mkono unapenda kwenda, mitumbwi isiyo na mavuno inafutika kwenye majibu, kwa sababu tarehe yao ni NULL na NULL haipo kati ya tarehe zozote. Ungejikuta umemponya Subira kwa kumtoa kabisa kwenye kikundi. `TOTAL` nayo ni ya SQLite: inafanya kazi ya `SUM`, ila pasipo na kitu inarudisha 0.0 badala ya NULL. Hiyo nukta sifuri ilileta maswali. Risiti za kwanza zilitoka na kilo 340.0, na mzee mmoja akauliza hiyo sifuri ya mwisho anailipia nani. Nikaiondoa wakati wa kuchapa.

Lupu iliyobaki haina `if` yoyote. Inasoma jina, inasoma kilo, inazidisha, inachapa. Na risiti sasa inaonyesha kilo, jambo ambalo kwa maoni yangu lilisaidia kuliko msimbo wote, maana mvuvi anajua kilo zake kuliko kompyuta yoyote.

Kujaribu kulikuwa rahisi kuliko nilivyozoea, kwa sababu ziwa lenyewe limetupa data za majaribio. Mwaka 2024 uvuvi upande wetu wa Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolichangia: Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, ili samaki wazaliane. Miezi mitatu ya utupu, imo ndani ya daftari. Programu ya zamani ukiipa wiki yoyote ya kipindi hicho inagoma mtumbwi wa kwanza tu. Mpya ikatoa risiti za sifuri kwa wote. Kisha nikatafuta wiki za mbalamwezi ambazo nusu walikwenda na nusu hawakwenda, nikahakikisha napata wiki ambayo asiye na kitu yuko mwanzoni mwa orodha, nyingine yuko katikati, nyingine mwishoni. Anayejaribu lupu yake kwa data zilizojaa tu ni yule fundi wa wiki ya giza.

Pesa za Subira zilirudishwa kwa kumpunguzia michango ya giza lililofuata, pamoja na wenzake wachache waliokutwa kwenye risiti za nyuma. Katibu aliandika orodha yao akaibandika mlangoni mwa ofisi ya kikundi. Hilo lilikuwa wazo lake, na lilikata maneno.

Limebaki jambo moja ambalo bado tunavutana mimi na yeye. Swali langu jipya linamfanya asiyekwenda ziwani na asiyeandikwa na karani wawe kitu kimoja: wote sifuri. Yako majira ambapo karani anaumwa, mtumbwi umeshusha kilo za kutosha, na daftari halina kitu. Ile NULL ya mwanzo, pamoja na usumbufu wake, ilikuwa inasema ukweli zaidi: hatuna taarifa. Mimi nataka karani aandike 0 kwa mkono kila mtumbwi usipotoka, na pasipoandikwa kitu kabisa programu isitoe risiti, itoe jina kwa katibu aulize. Katibu anasema karani hataandika sifuri ishirini wiki ya mwezi mpevu, na mimi namjua karani. Kwa sasa nimeweka alama ya kuuliza pembeni ya kilo kwa wasio na rekodi, na mwenye mtumbwi anakwenda kuthibitisha mwenyewe.